Kipande cha Kioo Kwenye Ukuta wa Maktaba

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kitambaa cha kufutia vumbi na rafu za vitabu vya watoto. Nilikuwa nimeshuka mjini kutoka kijijini Mwika alfajiri, miguuni viatu vya dada yangu, nikijiandaa kuulizwa maswali magumu. Mkutubi Mkuu wa wakati ule, mzee mtaratibu aliyezoea kuongea huku akinyoosha vitabu kwa kidole, aliniambia, "Binti, kitabu kikirudishwa pasipo pake kimepotea, hata kama kimo humu ndani. Anza kwa kujua kila kimoja kinakaa wapi."

Ndivyo nilivyojifunza. Kila kitabu kilikuwa na namba mgongoni: tarakimu zilionyesha somo, herufi zilionyesha mwandishi. Kitabu kipya tulikiandikia kadi, tukakigonga mhuri, tukakibandika karatasi ya tarehe ya kurudisha. Vile vya rejea, yaani vya kusomea humo humo tu, havikutoka nje ya mlango hata kwa mtu mwenye cheo.

Jengo letu lilikuwa la ghorofa. Chini palikuwa na mapokezi, chumba cha watoto na ukumbi wa kusomea. Juu, waliolijenga walikusudia ofisi tu. Lakini vitabu viliongezeka mwaka hadi mwaka, na magazeti ya zamani yakahamishiwa huko. Tulikuwa tukiyajalidi, yaani kuyashona pamoja na kuyavika jalada gumu, na kila jalada lilikuwa zito kama mtoto wa mwaka. Yote hayo yalikaa juu ya vichwa vya wasomaji.

Ufa niliuona nikiwa msimamizi wa ukumbi. Ulianzia kwenye kona ya dirisha ukapanda kuelekea boriti, ule mhimili wa zege unaobeba sakafu ya juu. Mzee yule alikuwa amekwisha kustaafu, na Mkutubi Mkuu sasa alikuwa mama mmoja mchapakazi. Alimwita mhandisi siku hiyo hiyo.

Mhandisi alichanganya saruji kidogo, akabandika kipande cha kioo juu ya ufa, ncha moja upande huu na nyingine upande ule.

"Kioo hakinyumbuki," alituambia. "Ukuta ukisogea hata kidogo, kitapasuka. Kikipasuka, toeni watu kwanza, ndipo mniite."

Mkutubi Mkuu aliandika maombi ya ukarabati, nasi tukabaki kusubiri. Tangu hapo sikuwa na amani. Nikifika asubuhi nilikitazama kioo kabla sijaweka mkoba chini. Mtu akiburuta kiti, nilikimbilia ukutani kukitazama tena kioo. Nilisogeza meza mbali na ukuta ule, lakini wanafunzi walizirudisha kwa sababu dirishani ndiko kulikokuwa na mwanga. Chakula kilikuwa hakipiti; mume wangu alinitengenezea mtori, supu yetu nzito ya ndizi na nyama, nikawa naukoroga tu mpaka unapoa. Akaniuliza kama naumwa.

Kilipasuka wakati wa mitihani. Mkutubi Mkuu alikuwa Dodoma kikazi, mvua inanyesha, ukumbi umejaa mpaka wengine wamekaa sakafuni. Nilipita na vitabu mkononi nikaona mstari mwembamba umekikata kioo katikati. Nilimpigia mkuu, simu haipatikani. Mhandisi akapokea, akasema yuko mbali ila anakuja.

Nilimfuata Mzee Shabani wa mapokezi, mtu aliyezaliwa mjini na kuijua ofisi ile kuliko sisi sote.

"Mama Aika," akaninong'oneza, "ukifunga bila ruhusa ya mkuu, umejifukuzisha kazi."

"Na nisipofunga?"

Aliinua macho darini. Alichukua kengele ya kufungia akaingia nayo ukumbini mwenyewe.

Wanafunzi waligoma. Binti mmoja kutoka shule moja ya Old Moshi alikikumbatia kitabu chake. "Mama, mtihani wa Baiolojia ni kesho. Na hiki hakiazimishwi. Nitasoma nini?"

Nikamwambia, "Nenda nacho. Nendeni navyo vyote, lakini tokeni sasa hivi."

Wakatoka, vitabu vya rejea chini ya masweta, wakikimbilia vibaraza vya maduka.

Jioni Mkutubi Mkuu alipiga simu. "Nani amekupa mamlaka?"

"Kioo kimepasuka, mkuu."

"Labda kimegongwa na kiti."

"Labda."

"Na vitabu vya rejea?"

"Nimewapa."

Akakata simu.

Mhandisi alipofika, alibandua dari. Zege la boriti lilikuwa limemeguka, na nondo zake zimeliwa na kutu. Nilimuuliza kama jengo lingeanguka siku ile. "Siwezi kukuambia lingeanguka," alisema, "na siwezi kukuambia lisingeanguka."

Maktaba ilifungwa kwa miezi mingi. Siku moja sokoni Kiboriloni, mama muuza nyanya alinisimamisha. "Wewe ndiye uliyefunga maktaba? Mwanangu atasomea wapi, na nyumbani tuko chumba kimoja?" Nilinunua nyanya nikaondoka.

Hatimaye magazeti yalishushwa, nguzo mbili zikasimamishwa ukumbini, milango ikafunguliwa. Vitabu vya rejea vilirudi karibu vyote, vingine vimevimba kwa maji. Kazi sikufukuzwa. Siku ya kufungua, Mkutubi Mkuu alisimama karibu nami tukiwatazama watoto wakigombania viti. Akasema kwa sauti ya chini, "Ningekuwepo siku ile, sijui kama ningefunga."

Sasa nimestaafu. Niko kihambani Mwika, kwenye migomba na kahawa tulizoachiwa na wazee. Vijana wanaoanza kazi hii hunijia kuniuliza, wakidhani nilikuwa mtu jasiri. Nawaambia niliogopa kila siku, na kwa muda mrefu nilidhani hiyo ni dalili kwamba kazi haikunifaa.

Watoto wangu wananihimiza nipumzike. Ninajaribu. Lakini mvua kubwa ikianza kugonga bati mchana, najikuta nimesimama mlangoni nikitazama upande wa mjini, nikiwaza ni nani aliye zamu ukumbini.