Sungura wa Adela na Mishumaa ya Bibi Gulizari

Vumilia wa Same alifika Virginia akidhani Waislamu wote anawajua. Kazi yake ya kwanza ya kulea wazee, huko Springfield, ikamkutanisha na Bibi Gulizari, mjane kutoka Uturuki aliyempenda Ali, mkwe wa Mtume, kuliko roho yake, asiyekwenda msikitini, na aliyebusu mwimo wa mlango kila kiti chake cha magurudumu kilipopita.

"Sisi ni Waalevi," Bibi alimwambia kwa Kiingereza chake cha kuokotaokota. "Wazee wetu wanasema tulitoka Khorasani, tukafuata neno la walii wetu Haji Bektashi. Tuliitwa wapotovu, tukasali kwa kujificha, wake kwa waume chumba kimoja. Tumefundishwa: chunga mkono wako, ulimi wako, kiuno chako."

"Kiuno nimekichunga, Bibi," akajibu Vumilia. "Ulimi ndio kazi."

Na ulimi ndio uliomponza. Adela, Mchagga wa Machame aliyeshika zamu za Jumamosi na Jumapili, alimwonea Bibi huruma kwa kukosa hamu ya kula, akampikia sungura kwa ndizi. Hakujua kwamba Waalevi sungura hawamgusi. Vumilia, aliyekwisha kuambiwa mwiko huo, alipoiona mifupa, hakumwendea Adela. Alimpigia simu Huseini, mwana wa Bibi. Sufuria ikatupwa, Adela akafokewa kama mtoto. Tangu hapo wanawake hao wawili walipokezana zamu kwa vidole: dawa zile, chai ile.

Majira ya baridi ya 1998, dede, kiongozi wa ibada yao, akapita akitokea Ujerumani. Jem, ibada yenyewe, ingefanyika chumba cha chini nyumbani kwa Huseini. Bibi hakuwa ameiona tangu aondoke kwao Sivas, na kifua chake hakikuahidi nyingine. Vumilia na Adela waliitwa wote, maana kumshusha ngazini kulihitaji mikono minne.

Dede akapakata saz, kinanda chao cha shingo ndefu. Mishumaa mitatu ilikuwa mbele yake, haijawashwa. Akauliza jambo, Huseini akawafasiria wageni: "Kuna wenye kinyongo humu? Wasipopatana, hatuanzi."

Bibi akainua fimbo. "Hawa wawili."

Chumba kizima kikageuka. Vumilia akaitazama mishumaa, kisha ule uso mzee wa Bibi uliongoja kama ardhi inavyongoja mvua.

"Adela, ilinipasa kuja kwako kwanza," akasema kwa Kiswahili. "Nilikosa. Nisamehe."

"Hivi hivi tu?" Adela akashika kiuno. "Mpare akubali kosa bila mahakama? Si nyie mnaouza ng'ombe mshinde kesi ya kuku?"

"Na wewe Mchagga, pombe yenu ya mbege ingepatikana huku ungewatilia wagonjwa kwenye dripu!"

Adela akaangua kicheko. "Mtani wangu wewe!" Wakakumbatiana.

"Wanasemaje?" dede akauliza.

"Sijui," akasema Huseini. "Naona wanatukanana."

"Huku wanacheka? Basi wamepatana."

Akawasha mishumaa. Saz ikalia, wanawake na wanaume wakazunguka kama korongo wanaotafuta upepo. Bibi akainua mikono yake mikavu, naye akitaka kuzunguka. Vumilia akashika mpini mmoja wa kiti, Adela mwingine, wakaingia duarani.

"Polepole, mtani," Vumilia akanong'ona. "Hili si toroli la ndizi."

Bibi hakusikia. Alikuwa Sivas.