Noti Iliyonyooka

Wanakwaya walimpa jina la Sikio, naye akalizoea hadi akawa anaitika. Asubuhi alifundisha muziki shuleni. Jioni aliongoza kwaya ya mtaa katika ukumbi wa shule hiyo hiyo. Ukumbi mzima ukiwa unaimba, aliinua kidole, watu wakanyamaza, kisha kidole kikatembea taratibu mpaka kwa yule aliyeteleza. Hakuwahi kukosea.

Mwaka ule ulitoka wimbo mmoja ukaenea mjini kama mafua. Dukani, kwa kinyozi, kwenye simu za wanafunzi, kote ni huo:

Moyo yangu ni feni, wewe umeme,
nizungushe, nizungushe, jirani wasiseme.

Sikio aliuchambua mbele ya kwaya mpaka ukabaki mifupa. "Moyo yangu! Hata ngeli zimemshinda. Ngoma zenyewe kama za kinanda cha watoto. Halafu hapo kwenye nizungushe ya pili, binti anapanda, anapanda, noti anaikosa, anabaki ananing'inia chini yake kama soksi kwenye kamba." Watu walicheka wakashika mbavu. Na nyumbani, mumewe, fundi cherehani ambaye chumba chake cha kazi kilikuwa sebule ya mbele, alipouanza tu huku akikanyaga cherehani, alikatwa kauli. "Baba, huo ujinga humu ndani sitaki." Fundi, mtu asiyependa makuu, akafunga mdomo akaendelea kushona.

Kumbe Sikio mwenyewe alikuwa hoi kwa wimbo huo. Kila asubuhi, mume akiwa anaoga, alijifungia chumba cha kupigia pasi, akachomeka hedifoni, akausikiliza na kuurudia. Aliipenda ile feni. Zaidi aliipenda ile noti iliyokosewa. Aliingojea kama mtu anavyongojea mpenzi wake acheke ili aone pengo la jino lake.

Asubuhi moja noti haikukosewa.

Aliurudisha nyuma. Binti akapanda, akafika, akasimama pale pale panapostahili. Labda wameurekodi upya, alijiambia. Akachomoa hedifoni ya kulia. Kwa sikio la kushoto peke yake, noti ikaanguka kama siku zote. Akabadilisha. Kulia, imenyooka. Kushoto, imeanguka. Alipokuja kusikia harufu, pasi ilikuwa imeshatoboa shati la mume.

"Umeme ulikuwa unarukaruka," alimwambia.

Angemwambia nini kingine? Akisema sikio linamdanganya, ataulizwa amejuaje. Na mwalimu wa muziki asiye na sikio ni nini? Basi akajikaza. Kwenye mazoezi alisimama upande, akiielekezea kwaya sikio la kushoto, roho juu, akiomba asikosee mtu siku hiyo.

Lakini sauti ya pili iliteleza. Aliisikia imeteleza, ila hakujua ni nani. Kidole kilishapanda, na watu walikuwa wanangoja. Kikaishia kwa mpishi wa shule, mama mnene mwenye sauti tulivu, aliyeimba naye tangu kwaya inaanza.

"Mimi, Mwalimu?"

"Wewe. Rudia."

Mpishi alirudia peke yake, safi kabisa. Akarudia tena, sauti ikitetemeka sasa. Sikio akasema, "Haya, tuendelee." Mazoezi yaliyofuata mpishi hakuja.

Haikupita wiki, jikoni kwake, sakafu iliinuka na kabati likaanza kukimbia. Alishika sinki kwa mikono miwili akapiga kelele. Fundi alikuja mbio, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni, akamkuta ameketi chini, macho ameyafumba. Mkewe alisema ni uchovu tu, fundi hakumsikiliza, alimpeleka moja kwa moja kwa daktari wa masikio.

Daktari, mama wa makamo, alichungulia masikio yote mawili. "Kabla ya kizunguzungu, uliona mabadiliko yoyote ya kusikia?"

"Niliona."

"Uligunduaje?"

Sikio alimtazama mumewe, kisha sakafu. "Kuna wimbo nasikiliza. Kuna mahali mwimbaji anakosea. Siku moja hakukosea."

"Wimbo gani?"

Akanong'ona. Daktari akainama. "Sijakupata, mama." Ikabidi auimbe, kwa sauti ya mtu anayeungama, mpaka nizungushe ya pili.

Fundi aligeuka na kiti chake. "Ule wimbo?"

"Ule ule."

"Ulionikataza?"

"Ndiyo, baba."

"Mama! Mimi miezi yote hii nashona kama niko msibani!"

Daktari alikohoa akiangalia dirishani. Fundi alitaka kuendelea, akaona mkewe bado anaitazama sakafu. Akamsogelea na kumshika mikono.

Walimwingiza kwenye kijichumba chenye mlango mzito, akapewa kitufe cha kubonyeza kila akisikia mlio. Mlango ulipofungwa, alisikia damu yake mwenyewe. Alibonyeza, akangoja, akabonyeza. Kisha ukimya ukawa mrefu, na hakujua kama mlio haupo au ni yeye asiyeusikia. Kupitia kioo aliuona mkono wa daktari ukiendelea kuzungusha swichi.

Maji yamejaa ndani ya sikio la kulia, aliambiwa; ndiyo yanayopotosha sauti. Atumie dawa, apunguze chumvi. Huenda likarudi, huenda lisirudi.

"Na la kushoto?"

"Kwa sasa ni zima."

Hiyo "kwa sasa" alirudi nayo nyumbani.

Kesho yake alikwenda jikoni shuleni akamwambia mpishi kila kitu, wimbo na yote. Mpishi aliendelea kukoroga sufuria. "Mimi nililia, Mwalimu," alisema. "Nilidhani nimezeeka." Lakini alirudi, na sasa husimama karibu na mwalimu, sauti ikiteleza humgusa kiwiko, na mwalimu humwamini.

Sikio la kulia lilipona nusu. Kuna siku liko sawa, kuna siku linaziba bila taarifa. Woga haujaisha. Kila anapoamka hutulia kwanza kitandani, kichwa amekiinua kisiguse mto, masikio yote mawili wazi, akisikiliza: bomba linadondosha, mlango wa jirani, mume anakohoa. Akishavipata vyote ndipo anaposhusha miguu.