Fataki za Wateja Wetu

Bunduki ni yangu. Kwa miaka kumi na mmoja nilimwambia dada yangu kwamba Jumapili asubuhi nakwenda mazoezi ya mgongo, na dada, ambaye ni muuguzi na anaijua migongo, alinihurumia na kuniletea mafuta ya kuchua. Chupa zote ninazo. Nimezipanga juu ya kabati la chuma lililofungwa kwa bolti ukutani, nyuma ya makoti, katika nyumba ninayopanga Kilburn, London. Ndani ya kabati mna bunduki ya kulengea shabaha. Cheti chake kimetolewa na polisi, waliokuja kukagua kabati, wakanywa chai, wakaniuliza habari za moyo wangu kwa kina kuliko mwanamume yeyote niliyepata kuishi naye.

Kulenga nilijifunza nyumbani, kambini, nilipokwenda jeshini kwa mujibu wa sheria kabla ya chuo kikuu. Afande wetu alihesabu maganda ya risasi kila baada ya zoezi. Siku moja likakosekana moja, na kombania nzima tukatambaa majanini tangu saa nane hadi jua kuzama. Tangu hapo siwezi kuacha ganda chini. Wenzangu wa klabu ya shabaha hapa London waliponiona nayaokota yangu hadi la mwisho, mmoja akanifundisha kuyajaza upya: ganda lile lile, baruti mpya, kichwa kipya cha risasi, na kitakoni fataki, kikopo cha shaba kisichozidi punje ya mbaazi, ambacho kikigongwa huwasha baruti. Bila fataki, vingine vyote ni mapambo.

Mwaka huu fataki zikaadimika. Wengine walisema viwanda vinahudumia vita kwanza, wengine waliwalaumu wanaojaza makabati. Sheria ya hapa hairuhusu kuagiza kwa posta: lazima mtu afike dukani, cheti mkononi. Kumtuma mtu maana yake ni kumkabidhi cheti, na cheti changu ni siri; na mtu wa kwetu asiyeweza kumtuma mtu ni kama amekatwa mkono. Nami nilihitaji pakiti moja tu. Jumamosi klabu ilikuwa na mashindano, timu ya watu wanne, na kwa mara ya kwanza mimi nilikuwa wa nne. Nahodha aliniambia kwa upole, na upole wa hapa ni wa kuogopwa, kwamba nisipokuwa na risasi hadi Alhamisi jioni, nafasi yangu atapewa daktari wa meno, bwana ambaye hulenga kama anayesimamisha basi.

Jumanne nilizunguka maduka matatu. La kwanza zilikuwa zimekwisha. La pili walicheka. La tatu liko mwisho wa treni ya chini ya ardhi, kisha basi, na nimekuwa nikinunua hapo kwa miaka sita. Mwenye duka, mzee mwembamba mwenye sweta la viraka viwikoni, alisema bila kuinua macho kwamba zimekwisha. Nikamshukuru. Nilikuwa najifunga mtandio nitoke kwenye mvua alipoingia mzee mwingine na mbwa. Wakazungumza kuhusu mguu wa mbwa. Wakazungumza kuhusu bomba lililopasuka jikoni kwa mtu fulani. Birika likachemka. Kisha, bila yeyote kuomba chochote, mwenye duka akainama na kutoa chini ya meza pakiti mbili za fataki, saizi ile ile ninayotumia.

Nikarudi kaunta. "Umeniambia zimekwisha."

"Hizi ni za wateja wetu."

"Na mimi ni nani?"

Alinitazama, nadhani kwa mara ya kwanza. "Sijui," akasema. "Hujawahi kusema."

Ndani ya basi nilianza kumwandikia barua kichwani, na kwenye treni ikafika kurasa tatu. Miaka ishirini na sita nimeishi katika nchi inayojisifia foleni. Nilijifunza kutomsumbua mwenye duka kwa habari zangu: taja kitu, lipa, ondoka. Nilidhani huo ndio ustaarabu wao, nikautii kuliko wenyewe. Neno rangi nalo lilikaa kiti cha pembeni yangu safari nzima; sikulialika, wala sikuweza kuliteremsha.

Hasira inataka msikilizaji, kwa hiyo nikapitiliza hadi Barking kwa dada. Lakini huwezi kusimulia fataki bila bunduki. Nikasimulia vyote. Dada alikuwa anachambua mchicha, hakuacha.

"Mgongo wenye cheti cha polisi," akasema. "Mafuta yangu unapaka mtutu?"

Nikamwomba asinicheke, nimedhulumiwa.

"Ulimsalimia?"

"Nilimwambia habari za asubuhi."

"Hiyo ni honi, mdogo wangu. Miaka sita! Mkewe mzima? Yeye mwenyewe anaumwa wapi?"

Nikasema huo ni upendeleo, na upendeleo ndio ulioiua nchi yetu. Akanikumbusha miaka ya uhaba, mama alivyokuwa akikaa juu ya gunia katika duka la ushirika, akiwaulizia watoto wa karani mmoja baada ya mwingine, na sukari ikaja nyumbani ndani ya kanga huku waliokuwa foleni wakiambiwa imekwisha. Nikasema ile ilikuwa rushwa.

"Uliikoroga kwenye uji," akasema, "ukalamba na bakuli."

Jumatano asubuhi nikapiga simu dukani, barua ya malalamiko mbele yangu. Nilikusudia kumsomea yote. Nikajisikia namuuliza hali yake. Akasema: goti. Tulikaa kwenye goti dakika kumi, tukahamia kwa mkewe, ambaye siku hizi anasahau majina. Nami nikamweleza nilikojifunza kulenga, na ganda lililopotea, na sisi tukitambaa. Akacheka hadi akakohoa.

"Njoo kesho tukifungua," akasema. "Nitakuwekea pakiti moja."

Nikauliza ataiweka wapi, ingawa nilijua.

"Chini ya meza."

Nikamwambia si haki, na kwamba bado nimekasirika. Kesho hiyo hiyo ataingia mtu mwingine na cheti chake na adabu zake, aseme habari za asubuhi. "Huyo utamwambia nini?"

"Kwamba zimekwisha."

Barua ilikuwa bado mbele yangu. Nikamuuliza wanafungua saa ngapi. Akasema saa tatu. Nikaigeuza barua, nikaandika nyuma yake: saa tatu.