Mshale Ulioshuka Mlimani

Leo nimemkatiza mjomba maneno.

Kwetu mjomba hasahihishwi, hasa na mpwa wa kike wa kidato cha tatu. Halafu mimi kusema mbele za watu ni shida; hata darasani najibu nimeinamisha kichwa. Lakini nina daftari langu la magari. Kila neno nililosikia gereji nimeliandika humo na maana yake. Rejeta: hapo ndipo maji ya injini yanapopoa. Silinda heda: kifuniko cha juu cha injini, ikizidiwa na joto inapinda.

Tulikuwa tunapanda kutoka Masasi kurudi Newala kwa pikapu ya mjomba, ambayo ndiyo inayolisha nyumba yake yote. Mimi katikati, dirishani jirani yetu, mama mmoja mwenye maneno. Nyuma tumepakia unga na madumu ya maji, maana huku juu maji ni ya kutafuta. Mlimani mshale wa kipimo cha joto la injini ukapanda hadi karibu na alama nyekundu. Mjomba akapunguza mwendo. Mara mshale ukaanguka mpaka chini kabisa.

"Umeona?" akasema. "Imepoa yenyewe. Gari hili lina akili."

Akakanyaga mafuta. Daftarini nilikuwa nimeandika: sensa, kidude cha kupima joto, hukaa ndani ya maji; maji yakiisha inabaki kwenye hewa tupu, na mshale unaweza kuonyesha baridi ya uongo.

"Mjomba, samahani. Zima gari. Haijapoa, maji yamekwisha."

"Eti nini?"

"Heda itapinda, mjomba."

Jirani akacheka. "Makubwa. Tangu Masasi hujasema hata 'nimeshiba', leo fundi."

Mjomba alinitazama kidogo, akasogea pembeni, akazima. Kufungua boneti, mpira wa chini wa rejeta umechomoka, klipu inayoubana imelegea. Akaurudisha, akaikaza, akanyanyua dumu. Ikabidi niseme tena: tusubiri, maji baridi yanaweza kupasua injini ya moto.

Tukasubiri karibu saa nzima. "Fundi," jirani akaniuliza, "na sisi kunywa maji tunaruhusiwa?" Rejeta ilipoanza kunywa, ikamaliza dumu zima, tena la jirani mwenyewe.

Newala fundi wa mjomba alikagua injini kwa muda mrefu. "Heda imenyooka," akasema. "Ungepanda kidogo tu zaidi, ungenunua nyingine. Nani alikwambia uzime?"

Mjomba akanisogeza mbele kwa kiganja chake chenye grisi. "Muulize mwenyewe. Ana daftari."

Shati la shule lina alama ya vidole vitano begani. Nilimjibu fundi nikiangalia viatu vyangu, lakini nilimjibu yote, mpaka kwenye sensa.