Jembe la Wachelewaji

Siku yangu ya kwanza kazini, katika skuli moja ya sekondari upande wa Jambiani, Mwalimu Mkuu alinipokea kwa furaha ambayo sikuielewa.

"Mwalimu wa kilimo? Alhamdulillahi! Sasa nshapata pahala pa kuwapeleka wachelewaji."

Nilidhani ananitania. Akanifungulia stoo, akanionesha majembe, na kunieleza kwamba kila atakayechelewa au kupiga kelele darasani ataletwa kwangu alime mpaka kengele ilie. Nilikuwa binti ndiyo kwanza natoka chuoni, kichwa kimejaa rutuba na mzunguko wa mazao, na asubuhi moja tu nikajiona nimekuwa askari jela.

Katika kipindi cha kwanza na kidato cha kwanza niligawa majembe. Msichana mmoja wa mbele, jina lake Mwanaidi, alikataa kulipokea lake. Machozi yalimlengalenga.

"Wallahi mwalimu, mie sikuchelewa leo."

Maneno yale yalinikaa. Tangu siku hiyo kazi yangu hasa ikawa moja, kuwafanya watoto walishike jembe bila ya kujiona wana makosa. Mitihani na ukaguzi niliifanya kwa kuwa ndiyo niliyoajiriwa kuifanya.

Ardhi ya kule ni mawe matupu. Udongo umejificha kwenye vishimo, na vipimo vya vitabuni havikufaa kitu, kwa hiyo tulipanda tukifuata vishimo. Juu ya udongo tulitandaza makumbi ya nazi ili usikauke. Hayo ndiyo matandazo. Mwani uliotupwa ufukweni tuliuacha ukanyeshewa mvua utoke chumvi, kisha tukauozesha pamoja na samadi mpaka ukawa mboji. Mwanaidi alikuwa wa kwanza kufika shambani na wa mwisho kunawa mikono. Tungule zake, yaani nyanya, zilipoiva alimpelekea mama yake, amezifunga kwenye ncha ya mtandio.

Baadaye nilihamishiwa skuli ya katikati ya kisiwa, kwenye udongo mzuri, chini ya Mwalimu Mkuu mwengine, mtu mpole asiyependa ugomvi na mtu. Nilimwomba asiniletee wachelewaji, naye akakubali. Ilikuwa miaka yangu ya raha. Kidato cha tatu wakichagua masomo, darasa langu lilijaa. Halafu naye akahamishwa.

Aliyekuja baada yake alikuwa mama mkali. Wiki yake ya kwanza alilishusha kundi la wachelewaji kwenye kitalu, yaani pale tunapootesha miche kabla ya kuipandikiza. Ilikuwa miche ya mtihani wa vitendo wa kidato cha nne. Wale watoto hawakujua mche ni upi na gugu ni lipi. Waliambiwa walime, wakalima. Nilipofika pameshakuwa peupe. Nilikwenda ofisini moja kwa moja.

"Jembe si adhabu, Mwalimu Mkuu."

"Haya, niambie wewe. Niwatie bakora?"

Bakora sikuwahi kuitaka, na kitu cha tatu sikuwa nacho. Mwaka ule waliochagua kilimo walikuwa wachache hata wote walienea dawati moja.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa mjini, karibu na Mwanakwerekwe, shamba lenyewe ni kipande nyuma ya vyoo. Nilikwishakata tamaa pale alipoletwa Mwalimu Mkuu Msaidizi mpya, na nikamwona ni Mwanaidi, yule mwanafunzi wangu wa Jambiani. Nilimkumbatia mbele ya walimu wote. Nilijiambia, sasa nimepata mwenzangu.

Lakini mwaka wa kustaafu kwangu, kidato cha tatu hawakuchagua kilimo hata mmoja. Siku ya kuagwa walinisomea dua na kunipa doti ya kanga. Nikitoka, nikapita stoo. Mwanaidi alikuwa mlangoni, anawagawia wachelewaji majembe.

"Mwanaidi!"

"Naam, mwalimu."

"Unafanya nini, mwanangu?"

Aliinamisha uso. "Nngefanyaje, mwalimu? Wenzangu wanataka bakora. Mie nimeona jembe afadhali."

Alikuwa anawahurumia. Hilo ndilo lililoniumiza, na linaniuma mpaka leo.

Sasa nalima mabilingani uani kwangu, kando ya njia ya skuli. Nyinyi mnaoanza ualimu mtaniuliza kama nilifaulu. Juzi nilikuwa napalilia, wanafunzi wakapita.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

Mtoto mmoja wa kike alisimama kwenye ua, akanitazama kwa huruma.

"Bibi, nani kakupa adhabu?"

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Nilimwambia hakuna aliyenipa, nalima kwa kuwa napenda. Alilitazama jembe, akanitazama na mimi, na niliona wazi kwamba hakuniamini.