Nilivyomfundisha Shayiri kwa Mluzi wa Ng'ombe

Wewe unayenisikiliza, kaa vizuri, na kama una mpango wa kucheka naomba usubiri nimalize, kwa sababu haya ni ya aibu, na mpaka leo nikipita karibu na lile lambo la kunyweshea mifugo nageuza uso kama mtu anayeangalia mawingu (ng'ombe wenyewe nadhani bado wananikumbuka).

Nafundisha farasi kwenye shamba moja la kahawa huku Karatu. Mwenye shamba ni Mama Marsela, na farasi ninayemsema ni jike, jina lake Shayiri. Nilikuwa namfundisha dresaji, yaani ule upandaji ambao farasi anabadilisha mwendo, anazunguka duara na kutembea kiubavu kwa ishara ndogo ambazo mtu aliyekaa pembeni hazioni. Usiogope jina, ni uvumilivu tu: unabana miguu kidogo anaenda, unakaa kwa uzito na kufunga vidole kwenye hatamu anasimama, unarudia, na kesho unarudia tena.

Uvumilivu huo uliniishia asubuhi moja. Shayiri amesimama, hataki kuondoka, nimebana miguu mpaka mapaja yanatetemeka, basi nikapiga mluzi mfupi, ule wa kuswaga ng'ombe niliojifunza utotoni kijijini kwetu Daa, akashtuka na kuondoka na troti safi kabisa, yaani ule mwendo wa kukimbia polepole! Kesho yake nikamwongezea ule mluzi mrefu wa taratibu, ambao wachungaji tunawapigia ng'ombe wanapokunywa ili watulie, na kila nikiupiga nilimsimamisha. Baada ya wiki chache sikuhitaji miguu wala uzito. Mluzi mfupi anaongeza mwendo, mluzi mrefu anasimama na kuinamisha shingo vizuri ajabu, nami napuliza kwa siri katikati ya meno.

Jumanne, mtunza farasi mwenzangu kutoka Singida, ndiye pekee aliyenisikia.

"Dada Martina, huyo unamfundisha ung'ombe."

"Si anaenda?"

"Anaenda, lakini anakwenda na mdomo wako. Wewe mwenyewe hakujui."

Nikamwambia akafagie zizi.

Kisha Mama Marsela akasema Jumamosi atakuja kumwangalia. Shayiri akitulia, atabaki kubeba wanafunzi. Asipotulia, kuna mtu wa Arusha anamtaka, atauzwa. Shayiri nilimpokea akiwa hajui hata kuvaa tandiko, na alikuwa na tabia ya kuniwekea kidevu begani nikimpiga brashi.

Jumamosi ikafika. Mama Marsela amekaa kwenye benchi na majirani wawili, nami nazunguka duara, napuliza kidogo kidogo, na Shayiri anapendeza mpaka nasikia jirani mmoja anasema, "Huyu dada ana mkono mwepesi." Nikatabasamu (kosa lingine hilo). Hapo hapo, ng'ambo ya uzio, akatokea shemeji yangu Fabiano, mume wa dada yangu, anapeleka ng'ombe lambo. Akapiga mluzi mfupi.

Shayiri akaingia troti. Nikafunga vidole, nikakaa kwa uzito, lakini ishara hizo nilikuwa nimeziacha siku nyingi, kwake zilikuwa kama inzi. Fabiano akapiga wa pili, tukaenda shoti. Wa tatu, tukatoka getini (nani aliliacha wazi? mimi), tukashika mteremko.

Sasa pale chini, kushoto kuna lambo na kulia kuna korongo, yale makorongo yetu ya udongo mwekundu ambayo mvua inachimba kila mwaka, na lile lingemeza nyumba na paa lake. Shayiri alikuwa anaelekea kulia. Nikakumbuka mluzi mrefu, nikakunja midomo, nikapuliza, ikatoka hewa tupu. Hofu ilikuwa imenikausha mdomo wote! Nikalamba midomo kwa ulimi mkavu, nikapuliza tena, fyuu, kama tairi lenye pancha. Niliona mizizi ikining'inia kwenye ukingo wa korongo, nikaishika shingo ya Shayiri na kumwomba Mungu amwokoe yeye kwanza, halafu nikaona niombe na mimi.

Ng'ombe wa kwanza wakafika majini. Fabiano, bila kujua lolote, akapiga mluzi mrefu wa taratibu.

Shayiri akakata kushoto kuufuata, akafika ukingoni mwa lambo, akasimama papo hapo na kuinamisha shingo vizuri ajabu. Mimi sikusimama. Nilipita juu ya masikio yake, nikaingia kwenye tope katikati ya ng'ombe.

"Shemeji," akasema Fabiano, "umekuja kunywa au kuoga?"

Kina mama waliokuwa wanachota maji waliangusha ndoo kwa kucheka. Mama Marsela akafika anahema, akamtazama Shayiri, akanitazama mimi.

"Anafuata mluzi?"

"Ndiyo, mama."

"Nani alimfundisha?"

"Mimi, mama." Nikamweleza yote, maji yananichuruzika.

Mama Marsela akashika hatamu ya Shayiri.

"Farasi amefanya alichofundishwa," akasema. "Nikimuuza leo nitakuwa nimemwonea. Mtu wa Arusha nitamwambia asubiri mwezi mmoja. Ukishindwa, mtaondoka wote wawili."

Tulianza upya kama watoto wa chekechea, na mwezi ulipoisha nilimwomba Fabiano mwenyewe apite na ng'ombe wake akipiga miluzi. Shayiri aligeuza sikio moja tu, akabaki na mimi. Yupo hapa, anabeba wanafunzi.

Kwa hiyo na wewe, ukipewa farasi, usitafute njia ya mkato. Fanya hivi: tembea naye hatua kumi, toa pumzi, kaa kwa uzito, funga vidole, na akisimama legeza vidole mara moja ili ajue amepatia. Hesabu mpaka tano, bana miguu taratibu, tembeeni tena. Rudia mara ishirini kila siku, mdomo umefungwa.