Mtumbwi Uliotiwa Maji Kabla ya Mto

Siku yangu ya kwanza kazini, karakana ya shamba la mkonge pale Kimamba, nilimwamkia Fundi Mkuu shikamoo. Akaitikia marahaba, akauliza nimesoma hadi la ngapi.

"La nne, mzee."

"Basi wewe kazi yako kutazama." Akanionyesha tangi lililozibwa. Nilijaze maji, nikae hadi jioni. Likitoa jasho, yaani vitone vya kuvuja, nimwambie. Niliona ananidharau.

Miaka ikapita, useremala nikaujulia humo humo karakanani. Shamba lilipouzwa tukapunguzwa wote. Mimi sikulia. Enzi za ruksa, za biashara huria, zilishaingia, maduka ya Morogoro yamejaa plaiwudi na gundi za nje. Nikaenda Kidete kupiga dari na milango, na sitawaficha: wilaya nzima ya Kilosa hapakuwa na mkono kama wangu.

Fundi Mkuu naye alihamia huko kulima. Masika moja mto Mkondoa ukabeba daraja la miti, mahindi yake, chakula cha mwaka mzima, yakabaki ng'ambo yanaanza kuoza. Mtumbwi wa gogo ungetaka wanaume sita kuusogeza. Nikaunda wangu uani: nikatoboa kingo za plaiwudi, nikazishona kwa waya kama nguo, maungio nikayafunika vitambaa vyenye gundi. Watu wawili wanaubeba kichwani!

Mzee akaja na mkongojo wake. "Wewe, hii si mbao ya dari?"

"Leo inavuka mto, mzee. Ingia."

"Siingii. Ujaze maji kwanza."

Jirani akaangua kicheko. "Jamani, mtumbwi unanyweshwa!"

Nikaupandisha juu ya magogo, nikaujaza. Mara nikaona kitone kwenye ungio la mbele. Watu wamejaa uani. Nikakifuta kwa kiganja.

"Umefuta nini?"

"Vumbi, mzee."

"Vumbi gani linalolowesha mkono? Mimi kuogelea sijui."

Nikasema kweli mbele ya wote: unavuja. Nikamwaga maji, nikakwangua ungio, nikapaka gundi upya. Ulipokauka nikaujaza tena, tukakaa wawili kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Chini pakavu.

Akavua viatu, akanipa mkongojo. "Haya, fundi. Nivushe."

Kimamba, miaka yote ile, aliniita "wewe".

Mahindi tuliyavusha yote. Siku hizi mgongo umegoma, randa nimeiweka chini. Vijana huniletea mitumbwi yao niikague. Naijaza maji. Wananiuliza, sasa tunasubiri nini? Nawaambia wavute viti.